Redio, waipa na honi za volti 6 kwenye gari lililohamishiwa volti 12

Mwongozo huu umetokana na Beetle ya mwaka 1963 ya mzee mmoja wa Nyegezi, hapa Mwanza. Gari lilishahamishiwa volti 12 kwenye gereji nyingine, na kazi ilikuwa safi. Tatizo ni kwamba redio ilichomolewa ikawekwa kwenye boksi, waipa zikakatwa waya zisiungue, na saa ikabaki pambo la dashibodi. Mzee hakutaka redio ya kisasa wala mota mpya. Alitaka vitu vyake vilevile vifanye kazi.

Sababu za kuhama huku kwetu zinajulikana. Betri ya gari ya volti 6 huipati kirahisi mjini, na taa za mbele za volti 6 usiku barabara ya Usagara ni kama hazipo. Volkswagen yenyewe ilihamia volti 12 kwenye Beetle za soko la Marekani kuanzia modeli ya 1967. Kwa hiyo sitajadili kama uhame au usihame. Nachukulia umeshafunga betri ya volti 12 pamoja na dainamo au alterneta yake, na injini ikiwaka unapima kati ya volti 13.8 na 14.4 kwenye betri. Kama hupati hizo, rudi kwanza umalize huko.

Kabla ya kushika waya, elewa jambo hili, maana hapa ndipo vifaa vingi vinapoungulia. Rezista haina volti yake maalumu ya kushusha. Inashusha kulingana na mkondo unaopita ndani yake. Rezista ya ohm 2.4 ikipitisha ampea 3 inashusha volti 7.2, na kifaa kinabaki na volti 6 na ushee. Rezista hiyohiyo ikipitisha ampea 1 inashusha volti 2.4 tu, na kifaa kinapigwa zaidi ya volti 11. Ndiyo maana ile mbinu ya kufunga rezista moja kubwa kwenye waya mkuu na kulisha vifaa vyote vya zamani kutoka hapo haifai hata kidogo. Ukizima kimoja, vilivyobaki vinapandishiwa volti. Na kifaa chenye ukinzani usiobadilika kikipewa volti mara mbili, joto lake ni mara nne.

Kuna mbinu nyingine mbaya zaidi: kuchomoa waya katikati ya betri, au kufunga betri mbili za volti 6 mfululizo na kuiba volti 6 kwenye ile ya chini. Siku ya kwanza inafanya kazi vizuri sana. Baada ya muda betri moja inakuwa imenyonywa na nyingine inachajiwa kupita kiasi mpaka inachemka maji, kwa sababu chaji inapita kwenye zote mbili sawasawa lakini matumizi hayako sawa. Usifanye.

Hatua ya 1: Gawa vifaa mafungu matatu

Fungu la kwanza ni vya kubadilisha bila mjadala: balbu zote (isipokuwa ile ya mkono wa indiketa, iliyo hatua ya 6), flasha ya indiketa, rilei, koili ya plagi, na choki ya umeme kama kabureta yako inayo. Koili ya volti 12 isiyotumia rezista ya nje ina ukinzani wa karibu ohm 3 upande wa msingi. Ukipima ukapata nusu ya hapo, umeuziwa ya volti 6 au ile inayohitaji rezista yake.

Fungu la pili ni vya kuacha kama vilivyo: swichi, waya na stata. Waya wa volti 6 ni mnene kuliko unavyohitajika sasa, kwa sababu kwa wati zilezile volti 12 zinatumia nusu ya ampea. Stata ya volti 6 itazunguka kwa nguvu ya kushtua, lakini ikipewa sekunde mbili tatu tu kila mara inavumilia miaka. Usikimbilie kununua stata ya volti 12 ukidhani inaingia tu: flaiwili ya Beetle ya volti 6 ina meno 109, ile ya volti 12 ina meno 130.

Fungu la tatu ndilo la mwongozo huu: vya kushushiwa volti.

Hatua ya 2: Pima ampea

Tafuta chanzo cha volti 6. Betri ya pikipiki ya zamani inatosha. Washa kila kifaa peke yake, maltimita ikiwa kwenye tundu la ampea 10, andika. Ukimaliza, rudisha waya wa maltimita kwenye tundu la volti.

Kwa waipa andika namba tatu: ikizunguka kioo kikiwa kimelowa, ikizunguka kioo kikiwa kikavu, na ukiishika isizunguke. Hiyo ya tatu inaweza kupita ampea 10 na kukata fyuzi ya maltimita, kwa hiyo itafute kwa hesabu: pima ohm za mota, kisha gawa 6 kwa jibu ulilopata. Zungusha mota kidogo kwa mkono na upime tena sehemu kadhaa, maana kaboni (zile zinazopeleka umeme kwenye sehemu inayozunguka) zikikaa vibaya ohm zinadanganya.

Hatua ya 3: Geji ya mafuta

Kama ni Beetle ya miaka hiyo, geji yake inavutwa kwa kebo. Huna kazi hapa, ruka.

Kwa magari yenye geji ya umeme, nunua kidhibiti 7806 kwenye duka la spea za redio. Ukiitazama usoni, mguu wa kushoto ni volti 12 kuingia, wa kati ni bodi (chuma cha gari, upande wa hasi), wa kulia ni volti 6 kutoka. Bati lake la nyuma limeungana na mguu wa kati, hivyo unaweza kulifunga kwa skrubu moja kwa moja kwenye bodi na likapoa humohumo. Weka kapasita ya maikrofaradi 0.33 upande wa kuingia na 0.1 upande wa kutoka. Imeisha.

Hatua ya 4: Waipa

Hapa tutakaa. Waipa zimekula saa nyingi za mafundi kuliko redio, na gari la mzee lilikaa gereji kwa sababu hii hasa.

Chukua mfano wa mota inayokula ampea 3. Volti za gari 13.8, toa 6.6 unazotaka mota ipate, zinabaki 7.2 za kupoteza. Gawa kwa 3: ohm 2.4. Joto la rezista ni 7.2 mara 3, karibu wati 22. Usinunue rezista ya wati 25 kwa sababu "imetosha". Chukua ya wati 100, ile yenye koti la alumini, na uifunge kwenye bati la chuma mbali na mpira, kapeti na tangi la mafuta. Kwenye Beetle tangi liko mbele, chini ya boneti, jirani kabisa na mahali ambapo kila mtu anatamani kufunga rezista. Hapana. Tafuta upande mwingine wa bati. Wati zilizoandikwa kwenye hizi rezista za alumini zinahesabiwa ikiwa imefungwa kwenye chuma; ikining'inia kwenye waya, haifiki hata nusu ya hizo.

Sasa tatizo lenyewe. Unafunga rezista kwenye waya unaotoka kwenye swichi kwenda kwenye mota. Unawasha, waipa zinacheza taratibu na vizuri. Unafurahi. Unazima, na badala ya kurudi kulala polepole, zinafagia kwa kishindo, zinagonga fremu ya kioo, na baada ya siku chache fyuzi inakatika au gia ndogo ya ndani ya mota inakatika meno. Fundi anafungua mota, anasafisha, anarudisha, na hali ni ileile. Anabadilisha rezista, hakuna kinachobadilika.

Sababu ni kwamba waipa zinazojirudisha zenyewe zina njia mbili za umeme. Ya kwanza inapita kwenye swichi. Ya pili inatoka moja kwa moja kwenye fyuzi, inaingia kwenye kontakti iliyoko ndani ya mota, na inaendelea kuilisha mota baada ya wewe kuzima mpaka mikono ifike mahali pa kulala. Rezista yako iko kwenye njia ya kwanza. Ya pili bado inapeleka volti 14 tupu.

Utajuaje? Swichi ya gari ikiwa imewashwa na waipa zikiwa zimezimwa, pima volti kwenye kila terminali ya mota. Ukikuta terminali ina volti 12 ilhali waipa zimelala, hiyo ndiyo njia ya pili.

Dawa yake ni kufunga rezista kabla njia hazijagawanyika, yaani kati ya fyuzi na pale waya unapoachana, mmoja kwenda kwenye swichi na mwingine kwenda kwenye mota. Lakini kuna masharti, na yasome yote kabla hujakata waya.

Kwanza, kwenye baadhi ya magari njia hizo mbili zinatoka kwenye fyuzi mbili tofauti. Hapo itabidi uziunganishe kwenye fyuzi moja, kisha rezista, kisha ugawanye upya. Hakikisha zote mbili ni za kuzimika na swichi ya gari, la sivyo unatengeneza njia ya kunyonya betri usiku.

Pili, kuna mota ambazo kontakti ya kulala iko upande wa bodi na si upande wa chanya. Hizo zina waya mmoja wa chanya usiopita kwenye swichi, na swichi inakata upande wa bodi. Hapo weka rezista kwenye huo waya wa chanya. Ni rahisi zaidi, ila ukitumia mchoro wa gari jingine utapotea.

Tatu, usishawishike kuweka rezista kwenye waya wa mwisho kabisa, ule unaoingia kwenye kaboni, ukidhani umemaliza njia zote kwa mpigo. Kwa mota za kawaida inakubali. Lakini mota zinazojifunga breki, zile ambazo kontakti ikifika mwisho inaunganisha kaboni na bodi ili mota isimame ghafla, zitapoteza breki hiyo, kwa sababu rezista sasa iko ndani ya mzunguko wa breki. Mikono itapitiliza mahali pa kulala, kontakti itafungwa tena, na waipa zitazunguka bila kusimama.

Nne, nguvu ya kuanzia. Mota yenye ohm 0.5 ikiwa kwenye volti 6 inaanza kwa ampea 12. Ukiiwekea ohm 2.4 mbele, inaanza kwa ampea 4.8 tu hata ukiwa na volti 13.8. Hiyo ni chini ya nusu. Kwa hiyo kabla ya yote fungua viungo vya mikono, toa grisi iliyoganda na vumbi letu la Mwanza, paka mpya. Mpira wa waipa uliokauka na jua nao utupe. Waipa zinazokwama kwenye rezista mara nyingi hazina ugonjwa wa umeme.

Maoni yangu: kama gari ni la kutembelea Jumapili kwenda Capri Point na kurudi, rezista inatosha. Kama gari linafanya kazi masika, Machi hadi Mei, mvua ya ziwani inapokuja kwa mshazari na huoni hata bajaji iliyo mbele yako, usitegemee rezista. Peleka mota kwa fundi wa kusuka mota. Mwambie asuke upya kwa volti 12: mizunguko mara mbili ya ile aliyoikuta, kwa waya wenye eneo la mkato nusu, yaani unene wa waya uwe karibu 0.7 ya ule wa zamani. Kama mota ina sumaku ya kudumu, ni amecha tu, yaani sehemu inayozunguka, inayosukwa. Kama ina fildi ya koili, yaani koili zisizozunguka badala ya sumaku, na nyingi za zamani ziko hivyo, fildi nayo isukwe, na hili usiache kulitaja, maana fundi akisuka amecha peke yake fildi itaungua. Ukishafanya hivyo mota kwa nje ni ileile ya kiwandani, rezista hakuna, na yale masharti yote manne yanakufa. Mzee wa Nyegezi alichagua hili.

Kishusha volti cha elektroniki kwa waipa sikipendi. Mota ikianza inavuta mkondo mkubwa, kishusha kinajikata, mota inashtuka na kusimama, kishusha kinawaka tena, na kadhalika. Ukinunua kikubwa cha kutosha, bei yake inakaribia ya kusuka mota.

Hatua ya 5: Redio

Geuza redio, tazama nyuma na ubavuni. Redio nyingi za miaka hiyo zina swichi ndogo, plagi ya kugeuza au skrubu ya kuchagua 6 au 12. Ukiipata, geuza, weka fyuzi inayolingana, funga redio, nenda hatua ya 6.

Kama haina, hapa ndipo kishusha volti, kile mafundi wa sola wanachokiita stepdauni, kinapofaa. Mwanza hukosi, kwa sababu maduka yanayouza vifaa vya sola na taa za wavuvi wa dagaa yanacho. Rezista haifai kwenye redio kwa sababu mkondo wake unapanda na kushuka kwa sauti.

Ukubwa: redio ya transista inatosheka na kishusha cha ampea 5. Redio ya valvu inataka kikubwa zaidi, cha ampea 10 au 15, hata kama ukipima inakula 5. Nyuzi za valvu zikiwa baridi zina ukinzani mdogo, zinavuta mkondo mara kadhaa ya kawaida mpaka zipate moto. Na ile vaibreta inayonguruma ndani, kifaa cha kukatakata umeme ili upandishwe volti, inavuta kwa kukatakata. Vile vishusha vidogo vya LM2596 vinavyoandikwa ampea 3 achana navyo. Ampea 2 ndizo za kweli.

Rekebisha volti kabla redio haijaunganishwa. Funga balbu ya volti 6 ya wati 21 kama mzigo, zungusha skrubu mpaka upate 6.3, acha dakika kumi, pima tena. Namba 6.3 haikubuniwa: ni seli tatu za risasi za volti 2.1, na nyuzi za valvu nyingi zimetengenezwa kwa volti hiyohiyo. Kisha tia tone la rangi ya kucha kwenye skrubu isilegee barabarani.

Kelele sasa. Kishusha kinakata umeme maelfu ya mara kwa sekunde. LM2596 inakata kwa kilohezi 150, XL4015 kwa 180. Vizidishe namba hizo, mfano 180: 540, 720, 900, 1080, zote zimo ndani ya mawimbi ya kati. Utasikia mluzi kwenye stesheni fulani na nyingine ziko safi. Weka kishusha ndani ya kiboksi cha bati kilichofungwa vizuri kwenye bodi, mbali na waya wa antena. Waya wa kutoka uwe mfupi na upitishe mara kadhaa kwenye pete ya feraiti. Boksi la plastiki halisaidii chochote.

Ulinzi: kishusha kikifa, mara nyingi kinakufa kikiwa kimeshikana, na volti 14 zote zinaingia kwenye redio. Weka fyuzi upande wa kutoka, na baada yake zena (diodi inayoanza kupitisha umeme volti ikizidi kiwango chake) ya volti 7.5, wati 5, kati ya chanya na bodi. Volti ikipanda, zena inashikana, fyuzi inakatika, redio inapona.

Na tafadhali, ile tabia ya kuchomoa terminali ya betri injini ikiwaka ili kuona kama alterneta inachaji, iache kabisa. Volti zinaweza kuruka kupita 40 kwa kitambo kidogo, na kishusha chako mwisho wake uko hapohapo.

Hatua ya 6: Vilivyobaki

Honi ya volti 6 iache kwenye volti 12 ukipiga kwa kugusa tu, si kwa kuegemea. Itakuwa kali. Usifunge honi mbili mfululizo ukidhani zitagawana volti: kila moja ina kontakti inayokata na kuunganisha, na zinakatiana umeme.

Mikono ya indiketa inayochomoza ubavuni inakubali rezista, mradi upime ampea mkono ukiwa juu na taa yake ikiwaka. Ukishusha volti za mkono mzima, balbu ya ndani ibaki ya volti 6. Hii ndiyo balbu pekee usiyobadilisha.

Saa inayojijaza kwa umeme inavuta mshtuko mfupi kila baada ya muda, na kontakti zake ni laini. Mimi huzilisha kutoka kwenye kishusha cha peke yake kilicho na ampea za kutosha, au naziacha. Feni ya hita? Mwanza? Iache.

Hatua ya 7: Bodi, fyuzi na lebo

Kwenye volti 6 bodi ikishika vibaya unaiona mara moja, taa inafifia. Kwenye volti 12 inajificha, halafu inakusumbua kwenye vifaa ulivyovishushia. Unyevu wa ziwani unaotesha kutu ya kijani kwenye shaba. Kwangua kila kiungo cha bodi mpaka chuma king'ae, funga, paka grisi juu.

Fyuzi zipange upya: kifaa kilichobadilishwa kuwa volti 12 kinahitaji fyuzi ya karibu nusu ya ile ya zamani. Kilicho kwenye rezista kinabaki na ampea zake zilezile, kwa hiyo fyuzi yake haibadiliki.

Kisha andika kwa kalamu isiyofutika kwenye kibati na ukifunge karibu na boksi la fyuzi: kifaa gani ni volti 6, kinashushwa na nini, kiko wapi. Fundi atakayekuja baada yako akipima volti 6 kwenye gari la volti 12 ataona ni hitilafu, na ataitengeneza.

Kama chanya ndiyo iko kwenye bodi

Beetle ina hasi kwenye bodi, na yote niliyoandika juu yanafuata hivyo. Lakini Ford za Marekani hadi mwaka 1955 zilikuwa volti 6 na chanya kwenye bodi, na zipo nyingine za aina hiyo. Rezista haijali. 7806 na vishusha vya kawaida vinajali sana, kwa sababu hasi ya kuingia na hasi ya kutoka ni waya mmoja. Ukiliacha gari na chanya yake, unahitaji kishusha kilichotenganishwa, ambacho upande wa kutoka hauna uhusiano na upande wa kuingia, au ufunge redio kwenye mpira na plastiki isiguse bodi popote, pamoja na koti la waya wa antena. Hilo la antena ndilo linalosahaulika, kwa hiyo kabla ya kuwasha pima kati ya kasha la redio na bodi: maltimita isilie.